Nyumba Haikufagiliwa Novatus Alipopanda Jeti

Bibi yangu Pulkeria alikuwa na fagio mbili, moja ya ndani na moja ya uani, na hata siku moja hukukuta hii imelala mahali pa ile. Alizifunga mwenyewe kwa matawi ya mweyo, kile kichaka kigumu kinachoota kando ya njia za ng'ombe, akazikaza kwa kamba ya mgomba mpaka mkono wa mtoto usiweze kuchomoa hata kijiti kimoja. Nyumba yake pale Kiruruma ilitandikwa nyasi chini, kama nyumba zote za heshima za wakati ule. Kila Jumamosi nyasi za zamani zilitoka na mpya zikaingia. Aliyekuja Jumapili baada ya misa aliinusa nyumba kabla hajamwona mwenye nyumba.

Kwa hiyo watu walishangaa sana mwezi wa nane wa mwaka 1955, nyumba ile ilipokaa siku ishirini bila kuguswa na ufagio.

Desturi yenyewe haikuwa ngeni. Mtu akiondoka kwenda safari, nyumba yao haifagiliwi siku ile, ili asije akafagiliwa pamoja na vumbi. Wengi waliifuata kwa siku moja, wengine kwa nusu siku, na wengine walifagia mara tu msafiri alipopita kona. Bibi ndiye aliyesubiri mpaka habari ije kwamba aliyeondoka amefika. Majirani walimwona kama mtu anayezidisha chumvi, lakini hawakumwambia, kwa sababu walijua ilianzia wapi.

Ilianzia kwa mume wake, Mutalemwa. Mwaka 1938 Mutalemwa alikwenda kuchimba bati katika shimo moja upande wa Kyerwa. Aliondoka nyumbani Jumatatu alfajiri. Siku hiyo wanawake wa kigango walikuwa waje kusali kwa bibi, naye alikuwa mwanamke kijana asiyetaka kuonekana mchafu. Vumbi la visigino vya mume wake halijatulia uani, akachukua ufagio. Jumatano watu wawili wakaja na habari kwamba udongo umeshuka.

Hakuna mtu aliyemlaumu, na wala hapakuwa na sababu ya kumlaumu. Lakini kuanzia hapo, mtu wa nyumba ile akisafiri, ufagio wa ndani ulisimamishwa nyuma ya mlango na kichwa chake kikaelekezwa juu.

Mutalemwa alimwachia watoto wawili. Novatus alikuwa na miaka sita, na Natukunda, ambaye baadaye alinizaa mimi, alikuwa bado mgongoni. Novatus alikua akichunga. Alipofika miaka kumi na minane akavuka kwenda Uganda, kama vijana wengi wa huku walivyofanya, akapata kazi katika kiwanja cha ndege cha Entebe. Kazi aliyopewa ni ile aliyoijua tangu utoto. Alifukuza ng'ombe na ndege wasiingie njiani, isipokuwa sasa njia ilikuwa ya lami na waliopita walitoka mawinguni.

Siku moja zilitua pale ndege mbili za kijeshi kutoka Nairobi, zimekuja kuonyeshwa kwa wakubwa. Zilikuwa jeti. Watu wa kiwanja walizizunguka wakitafuta panga la mbele linalozunguka, wasilione. Moja ilikuwa ya kufundishia, yenye viti viwili ubavu kwa ubavu, na kila upande wa mwili wake palikuwa na tundu la kuvutia hewa. Novatus alisema matundu yale yalifanana na pua ya ng'ombe. Asubuhi ya pili kundi la nyuki likahamia katika pua ya kushoto.

Wazungu walisimama mbali. Mmoja alitaka maji, mwingine alitaka dawa. Novatus akauliza kama anaweza kuwatoa, wakamwambia awatoe, ila akileta moshi karibu na mafuta yale watamfunga. Mtu wa kwetu hajawahi kumtoa nyuki bila moshi. Novatus alivua koti, akafunga shingo kwa kitambaa, akaingiza mkono mpaka begani, taratibu kama anayemsaidia ng'ombe kuzaa, akatafuta yule malkia kwa vidole. Alipomtoa na kumweka ndani ya kofia, wengine wakamfuata. Alichomwa mara kumi na tisa. Rubani, kijana mwenye nywele nyekundu, alizihesabu sehemu zilizovimba, kisha akamuuliza angependa apewe nini.

Novatus akaelekeza kidole kwenye kiti cha pili.

Hivyo ndivyo barua ilivyofika Kiruruma. Aliyeisoma ni Placidius, katekista wa kigango, mdogo wake marehemu Mutalemwa. Barua zote za nyumba ile zilipita machoni pake kwanza. Bibi na Natukunda walikaa mbele yake, nyumbani kwake, kwenye mkeka.

"'Mama mpendwa, shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwenu. Baada ya salamu nakuarifu kwamba Jumamosi tarehe sita mwezi wa nane nitapanda ndege. Si ya abiria, ni ya vita. Ukiisikia juu, yenyewe imeshapita. Tutaondoka Entebe, tutazunguka juu ya ziwa, tutarudi Entebe palepale. Rubani anasema ni nusu saa. Nakuarifu mapema, na unajua kwa nini. Mwanao Novatus.'"

"Soma tena pale pa kurudi," bibi alisema.

"'Tutarudi Entebe palepale.'"

"Nusu saa?"

"Nusu saa, shemeji. Mimi kukoka moto tu kunanichukua zaidi ya hapo."

"Na barua ya kusema ameshuka, itachukua siku ngapi?"

Placidius akahesabu kwa vidole. Siku ya meli kutoka Entebe, siku za kulala Bukoba, basi, kisha misheni, kisha mtu wa kuileta kigangoni. "Kumi na mbili. Basi likikwama, kumi na nne."

Natukunda naye alikuwa akihesabu. Jumamosi tarehe kumi na tatu watu wa Kanoni walikuwa wanakuja kuiona nyumba.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Yustasi wa Kanoni, kijana wa mashamba ya migomba na kahawa, alikuwa amemposa, na Natukunda alikuwa amempenda tangu siku ya mvua alipomwona akimbeba mgongoni bibi kizee asiyemjua, akimvusha kijito, huku kizee yule akimpiga kichwani kwa fimbo kwa kuwa anakwenda haraka. Lakini kabla ya mahari kutajwa, watu wa mwanamume walikuja mara moja kuketi chini kwa kina binti, kwenye nyasi, na kuona anakotoka. Wa kwa Yustasi waliongozwa na shangazi yake, Stephania. Mwaka uliotangulia Stephania alikuwa amemkataa binti mmoja wa Nyakatuntu kwa sababu alipapasa chini ya nyasi akakuta ganda la ndizi lililokauka.

"Mama," Natukunda alisema njiani wakirudi, "tuwaombe waje wiki nyingine."

"Tukiwarudisha watasema tumepata mwingine."

"Basi tufagie Ijumaa. Kaka atakuwa ameshashuka tangu Jumamosi ya kwanza."

"Nani amekwambia ameshuka?"

"Ni nusu saa, mama!"

 Bibi alikuwa mwanamke mfupi aliyetembea haraka, na pale akaongeza mwendo.

Jumamosi tarehe sita, kabla jua halijatoka, aliusimamisha ufagio nyuma ya mlango. Alikoka moto, akakamua, akaenda shambani, na mara kwa mara alisimama kutazama upande wa ziwa, ambalo kutoka kwetu halionekani. Anga ilikuwa tupu, yenye vumbi. Jioni alisali rozari ndefu akalala.

Wiki ile ilikuwa ngumu. Mwezi wa nane kwetu ni wa kiangazi, upepo unaingiza vumbi jekundu kila mahali, na ndani ya nyumba kulikuwa na ndama anayelala karibu na moto. Siku mbili bibi aliokota kinyesi cha ndama kwa majani ya mgomba, akakiweka kwenye kikapu nyuma ya mlango, kwa kuwa hakuwa na hakika kama kukitoa nje ni kufagia au si kufagia. Siku ya tatu ndama alihamishiwa kwa jirani, Xaveria.

"Mwanao amepanda ndege, na ndama wako amepanda kitanda changu," Xaveria alisema alipokuja kuomba chumvi. Akachungulia ndani. "Waitu, jamani! Pulkeria, hapa kuku akiangusha yai tutalitafuta mpaka Krismasi."

"Chumvi ndiyo hiyo. Chukua uende."

"Naenda. Lakini Stephania ana mkono mrefu wa kupapasa."

Placidius naye alikuja, kwa upole wake wa kikatekista. Alisema Mungu haangalii ufagio. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maziwa, akamwambia, "Najua, shemeji. Mungu haangalii ufagio. Mimi ndiye ninayeuangalia." Placidius alikunywa maziwa yake akaondoka.

Natukunda hakumsemesha mama yake siku tatu. Aliwaza, kama alivyoniambia yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima, kwamba mama yake ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo yuko Entebe.

Jumamosi ya wageni aliamka kwanza. Bibi alikuwa zizini akikamua. Maziwa yalisikika yakigonga kibuyu. Natukunda akaenda nyuma ya mlango akauchukua ufagio. Hesabu yake ilikuwa imekamilika. Nyumba ndogo, mkono mwepesi, mama atarudi akute imekwisha, atalia kidogo, kisha barua itakuja na watacheka.

Aliinama. Na hapo alipoinama aliona, pembeni mwa kitanda cha mama yake, mahali pawili ambapo nyasi zilikuwa zimelala na kusagika kabisa, duara mbili ndogo, sawa na magoti. Palikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa pale.

Akauangalia ufagio. Akaurudisha nyuma ya mlango, kichwa juu, akachukua mundu na kamba akashuka bondeni.

Nyasi mbichi kiangazi hazipatikani mlimani. Alikwenda hadi kwenye majimaji ya matete, akakata matita mawili makubwa, akapanda nayo moja kichwani na moja mgongoni, mguu umechanika, maji yakimtiririka shingoni. Bibi alimkuta akitandika. Natukunda hakutoa unyasi hata mmoja. Alikuwa anaweka mbichi juu ya kavu, unene wa kiganja, kutoka mlangoni mpaka kitandani.

"Unafanya nini?" bibi aliuliza.

"Sijafagia kitu, mama. Nimeongeza."

Bibi alisimama na kibuyu mkononi. Kisha akakiweka, akapiga magoti upande wa pili, akashika tita lililobaki. Wakatandika pamoja, wakakutana katikati.

Watu wa Kanoni walifika saa nne. Mbele alikuwa mzee Kashaija, mshenga wao, mtu mcheshi mwenye koti la jeshi la zamani. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wamebeba mkungu wa ndizi, na katikati yao Stephania, mrefu, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Placidius aliwapokea kwa niaba ya nyumba. Salamu zetu ni ndefu na hazikufupishwa. Waliketi. Natukunda alipiga magoti akawasalimia mmoja mmoja, akapitisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akarudi kukaa karibu na kitanda.

"Nyumba inanukia bonde," Kashaija alisema akitafuna. "Kiangazi hiki, nyasi mbichi namna hii! Huyu binti ana miguu."

 Stephania alibonyeza nyasi kwa kiganja. Akabonyeza tena. Kisha akaingiza vidole, polepole, mpaka vikafika chini, akavitoa na unyasi mkavu uliovunjikavunjika, umejaa vumbi jekundu.

"Mimi nimekalia nyasi nyingi," alisema. "Hizi zina ghorofa."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akajiziba mdomo.

"Hapa juu ni leo," Stephania aliendelea. "Hapa chini ni lini? Mmetutandikia juu ya uchafu, kama tunavyofunika chungu kilichoungua?"

Placidius alianza kusafisha koo. Natukunda alitazama chini, na machozi yalikuwa yameshafika. Bibi ndiye aliyesema, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Chini ni siku nane. Nyumba hii haijafagiliwa siku nane. Binti yangu hana kosa, anajua kufagia. Mimi nimemkataza. Kaka yake yuko safarini."

"Safari ya wapi?" Kashaija aliuliza.

"Amepanda ndege ya vita. Huko Entebe."

Hilo liliwaamsha wote. Kashaija akaweka kahawa chini. Aliuliza inakwenda wapi, na Placidius, kwa aibu kidogo, akaeleza yote: nyuki, kiti cha pili, nusu saa. Kashaija alipiga paja akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama, nisamehe! Mtu ameondoka Entebe, amefika Entebe. Huyo amesafiri au amesimama? Mimi nilikwenda na jeshi mpaka Burma, hiyo ndiyo safari. Mwanao amezunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga! Aliyeondoka na kurudi palepale hajaenda popote. Fagieni, waitu, fagieni!"

Wote walicheka, hata Placidius. Bibi aliwasubiri wanyamaze.

"Baba yake," alisema, "naye aliingilia mdomo wa shimo, na alikuwa atokee mdomo uleule wa shimo. Hakuwa anakwenda popote."

Kashaija aliokota kofia yake lakini hakuivaa.

"Siku ile mimi nilifagia," bibi alisema. "Wageni walikuwa wanakuja."

 Nje ng'ombe walisikika wakishuka kwenda majini. Stephania bado alikuwa ameshika ule unyasi mkavu. Aliutazama kwa muda, akaurudisha chini, mahali alipoutoa, akavuta nyasi mbichi juu yake, akazilainisha kwa kiganja mara mbili tatu, kama mtu anayefunika mtoto.

"Tuletewe ndizi," alisema. "Tuna njaa."

Walikula. Waliongea habari za kahawa na habari za mvua. Juu ya ndoa hakuna aliyetaja neno, na Natukunda alipokusanya vyombo hakujua kama amechukuliwa au ameachwa. Wageni wakaaga. Kwenye kizingiti Stephania akasimama. Nyasi zilikuwa zimenasa kwenye kanga yake, kama zinavyonasa kwa kila anayeketi chini. Alijitazama mbele, akajitazama nyuma, akaanza kuzichomoa moja moja na kuzidondosha ndani. Alipomaliza za kwake akawageukia wenzake.

"Na nyinyi. Kashaija, matako yako yamejaa. Usije ukatoka na nyumba ya watu."

Mzee yule, aliyefika Burma, alirudi hatua tatu akajipukuta ndani. Wale wanawake wawili nao wakajipukuta, wakainua na miguu. Kisha wakatoka. Uani Stephania alimwambia bibi maneno ambayo Natukunda aliyasikia akiwa jikoni.

"Ukipata barua, tuma mtu. Tutakuja na pombe."

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Placidius aliileta nyumbani akitembea nusu kukimbia, akaifungulia mlangoni, akaanza, "'Mama mpendwa, shikamoo, mimi sijambo...'"

"Mwisho," bibi alisema. "Soma mwisho."

"'...nikashuka salama na miguu yangu miwili.'"

"Haya. Sasa anza mwanzo."

Akasoma. Novatus aliandika kwamba Jumamosi ya kwanza hawakuruka. Tairi moja lilikuwa bovu na jingine likasubiriwa kutoka Nairobi. Waliruka Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, saa tano asubuhi.

Placidius alisimama hapo, akamtazama shemeji yake. Natukunda pia alimtazama. Bibi alisema tu, "Endelea, shemeji."

Novatus alisema walimvika kofia ngumu na kumfunga mikanda kama mzigo wa kuni. Ndege ilipoanza kukimbia aliona uzito umemkalia kifuani, kama fahali aliyeamua kulala hapo, kisha fahali akaondoka na dunia ikawa chini. Ziwa lilikuwa kama ngozi iliyowambwa juani, haina mkunjo. Rubani alimuuliza kwa ishara, kwenu wapi? Akaelekeza mkono, kusini na magharibi, na rubani akainamisha bawa wakageukia huko. Ule mto mkubwa wa Kagera waliuona, unapindapinda kama utumbo uliotolewa. Ng'ambo yake ilikuwa milima yetu.

"'Mama, sikuiona nyumba. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeiona, lakini sikuiona. Milima yote ililala pamoja, migongo tu, kama ng'ombe saa ya jua kali, na kutoka juu sikujua yupi ni wetu. Nikatazama moshi. Palikuwa na moshi mwingi, nikachagua mmoja nikasema huu ni wa mama. Kisha tukageuka.'"

Bibi aliomba sehemu hiyo isomwe mara ya pili. Halafu ikaja sehemu iliyomchekesha mpaka akaegemea nguzo. Asubuhi ile Novatus alikuwa amekunywa kibuyu kizima cha maziwa, kama afanyavyo mtu anayekwenda kuchunga mbali. Rubani, kwa kumfurahisha, akaipindua ndege juu chini mara tatu. "'Mama, yalisukwa. Kama tungekaa robo saa nyingine ningeshuka na siagi. Sikushuka nayo, kwa sababu maziwa yote yalibaki ndani ya kofia ya ngozi ya Bwana Rubani, naye amenisamehe.'"

Barua ilipokwisha, bibi alikwenda nyuma ya mlango. Natukunda alinyoosha mkono amsaidie, lakini bibi akasema hapana. Alianzia mbali, kitandani, pale penye duara mbili, akaja nazo nyasi zote, kavu na mbichi ambazo sasa nazo zilikuwa kavu, akazisukuma taratibu mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka uani, na kutoka uani mpaka chini ya migomba. Alifagia asubuhi nzima. Natukunda alikaa kwenye jiwe la uani akamtazama, na alisema hajawahi kumwona mtu akifagia kama anayenyoa kichwa cha mtoto wake.

Watu wa Kanoni walikuja na pombe Jumapili iliyofuata.

Harusi ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Novatus alipata likizo akaja. Kila aliyemwona alitaka asimulie habari ya kupinduliwa juu chini, naye alisimulia vizuri, ila alipofika kwenye milima alishusha sauti. Jioni moja kabla ya harusi alitoka na mama yake mpaka juu ya malisho. Bibi akamwonyesha kwa kidole, nyumba ile, moshi ule, mti ule wa pembeni, aukariri vizuri kwa mara nyingine.

"Hakutakuwa na mara nyingine, mama," Novatus alisema. "Rubani amenunua kofia mpya."

"Kariri tu."

Natukunda alichukuliwa Jumamosi mchana, amefunikwa, kwa nyimbo. Kutoka Kiruruma mpaka kwa kina Yustasi ni mwendo wa asubuhi nzima. Bibi alisindikiza mpaka mwisho wa migomba, hakuvuka, akarudi. Nyumba ilikuwa imejaa nyasi zilizokanyagwa na watu sitini, maganda, majani ya kufunikia chakula. Xaveria alikuja kusaidia akakuta ufagio umesimama nyuma ya mlango, kichwa juu. Safari hii hakutania. Alikaa naye kidogo akaenda kwake.

Kesho yake, misa haijaisha kigangoni, mtu mmoja alionekana akipanda njia ya ng'ombe peke yake. Alikuwa mrefu, na kitambaa cheupe kichwani kilikuwa chekundu kwa vumbi. Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Alisimama, na moyo wake, alivyosema, ulisimama pamoja naye.

Stephania hakungoja salamu. Aliita kutoka kwenye kona ya zizi.

"Amefika! Amefika vizuri, amekula, amelala. Fagia, mwenzangu."

Bibi alishika nguzo ya mlango. "Umetembea njia yote hii kuniambia hilo?"

"Ningekuandikia, ingechukua siku kumi na mbili."

Walicheka wote wawili, wanawake wazima, mpaka wakashikana mikono. Kisha bibi akakumbuka jambo.

"Na wewe je? Uko safarini. Kwako huko?"

"Nimemwambia mwanao asiguse ufagio mpaka nirudi," Stephania alisema, akivua kitambaa na kukikung'uta. "Bibi harusi wa siku moja, amekaa tu, anaogopa hata kuokota ganda. Kwa hiyo nisikawie. Ule wa uani uko wapi?"

Bibi akampa ufagio wa uani, yeye akachukua wa ndani.